Kompyuta Yako Imepata Net, Baba Poni

Baba Poni,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile kinacholia kama bata kila mtu akijigeuza, na mbele yangu kompyuta yako inafanya kazi. Narudia, maana najua hutaamini: inafanya kazi, iko kwenye net, na aliyeitengeneza ni mimi. Mimi huyuhuyu uliyekuwa ukiniambia kila siku, "Mama Poni, wewe pita mbali na hiyo waya."

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyooana nayo. Kilugbara changu ulikisikia pale tu chakula kilipotajwa, na Kikakwa chenu mimi nilikielewa vizuri zaidi dada zako walipokuwa wakinisengenya. Kiswahili kikabaki katikati yetu: changu cha chuo cha ukunga Tanzania, chako cha kambini alikokulia baba yako. Unakumbuka? Ulikuwa ukiingia mlangoni unauliza, "Poni iko wapi?" Nami nakusahihisha, "Yuko wapi." Unanijibu, "Mimi ndiyo nauliza."

Habari za nyumbani kwanza. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa pacha, na wote wawili wana tabia yake. Poni bado yuko Gulu, kazini. Goti langu hatimaye wamelipasua, linapona polepole, ila daktari amenikataza kukaa garini muda mrefu mguu ukiwa umekunjwa. Kwa hiyo Koboko sijafika tangu tulipokuzika. Mdogo wako Wani amelichukua koti lako la kahawia. Analivaa hata jua likichoma, na siku hizi amejifunza kukohoa kama wewe kabla ya kusema jambo. Mara ya kwanza alipokohoa hapo nje, niliacha sufuria motoni nikaenda mbio kufungua mlango, nikiwa tayari na maneno ya kukugombeza kwa kuchelewa, halafu...

Acha tu. Tuendelee na kompyuta.

Ilianza na radi. Mvua ile ya alasiri inayotoka upande wa Kongo bila hodi ilitukuta hapa nyumbani Manibe tumeanika muhogo, kila mtu akakimbilia karai lake. Radi ikapiga mfenesi wa nyuma, na ruta yako kule juu ya kabati ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Nilisimama nikaitazama. Nikasema, haya, na huyu naye amefuata.

Kampuni ikamtuma kijana na ruta mpya, nyeupe, ina vijiti vinne juu kama mende aliyelala chali. Akaiwekea jina na namba ya siri ya ile ya zamani, akaiwasha, na papo hapo nikasikia sauti ya Mama Achol ng'ambo ya ua: "Mama Poni, net iko!" Unamjua jirani yetu yule, wewe ndiye uliyempa waifai yetu alipofika kutoka Sudan Kusini, ili aweze kuongea na wanawe walioko Juba. Simu yake ikashika, simu yangu ikashika, simu ya yule kijana mwenyewe ikashika. Kompyuta yako ikakataa. Kijana akaja kuitazama, akamwona kwenye kioo yule ndege mweusi wa tumbo jeupe, alama ya hiyo Linux yako, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii siyo Windows. Hii iko ya nani?"

"Ya marehemu," nikamwambia.

Akavua kofia, Baba Poni. Akavua kofia kabisa, akanipa pole, akafunga mkoba wake na kuondoka kama mtu aliyekanyaga kaburi. Hakuigusa tena.

Mimi nami sikujali. Unajua vizuri nilivyokuwa nikiiita kompyuta hiyo mke mwenza, na unajua hukuwahi kukanusha. Niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, nikaweka juu yake picha ya ubatizo wa Poni, nikasema basi, iwe meza.

Halafu mkuu wa chuo kimoja cha wakunga huko Koboko akanipigia. Nilimfundisha zamani, yeye mwenyewe akiwa msichana anayeogopa damu. Alitaka nifundishe wanafunzi wake kwa video, mara moja kila wiki, juu ya uzazi wenye matatizo. Tungejaribu kwanza Ijumaa asubuhi. Ikienda vizuri, kazi ni yangu. Isipoenda, kuna daktari mmoja kijana anayeisubiri.

Baba Poni, sijui nikueleze vipi. Tangu nistaafu, na tangu uondoke, kazi yangu ilikuwa kupokea wageni wa pole. Mtu anakuja, ananitazama kama mtungi uliopasuka, anakunywa chai, anaenda. Huyu mama alikuwa wa kwanza kunitaka kwa jambo ninalolijua. Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Nilipokata simu ndipo nikakumbuka. Picha zote za kufundishia, zile slaidi, zimo ndani ya mke mwenza. Zile tulizotengeneza pamoja wakati wa mvua za mwaka ule, mimi nikisema, wewe ukichapa na kuchora, wewe uliyekimbilia Koboko siku Poni alipozaliwa, ukasema umeitwa na ukoo. Ulichora mtoto tumboni ukaniuliza, "Sasa kichwa iko wapi hapa?" Nikakuonyesha. Ukauliza, "Na yeye anajua njia?" Ulikuwa mwanafunzi wangu msumbufu kuliko wote. Simu yangu haiwezi kuonyesha slaidi na uso wangu kwa pamoja, na kompyuta ya parokia haina jicho la video. Ilikuwa yako au basi.

Nikampigia Wani. Ana duka la simu huko Koboko, nikafikiri ataelewa. Alikohoa kwanza.

"Shemeji, hiyo Linux ndiyo ugonjwa. Mimi nakuja Alhamisi na flash. Tunafuta yote, tunaweka Windows. Inakuwa kama mutoto mupya."

"Yote?"

"Yote kabisa."

"Na slaidi zangu?"

"Utatengeneza ingine, shemeji."

Nami nikakubali. Ndiyo, nilikubali, nilikuwa nimechoka. Lakini Jumatano asubuhi nikaondoa kitambaa ili nipanguse vumbi kabla ya mgeni, nikaiwasha tu, niione mara ya mwisho. Ikaniandikia jina lako na kusubiri. Nikasema, hapana. Watoto wapya nimewapokea wengi, wala sijawahi kumfuta mama wa yeyote kwanza.

Nikampigia Poni huko Gulu. Alikuwa mapumzikoni, akaniambia, "Mama, usiogope. Tunaenda polepole, tunaanza na waya."

Hapo moyo wangu ukatulia, kwa sababu hiyo njia naijua. Mgonjwa akiletwa huanzi kumuuliza historia ya ukoo. Unaangalia kwanza kama anapumua. Poni akasema nitazame mahali waya unapoingia nyuma ya kompyuta, kama kuna taa ya kijani inayopepesa. Nyuma ya kompyuta, Baba Poni, ni chini ya meza. Na chini ya meza yako ni nchi nyingine. Nikaingia kwa magoti, au tuseme kwa goti moja, lile lingine likiburuzwa. Taa niliiona. Ilikuwa inapepesa vizuri, mgonjwa anapumua. Ila kutoka sikuweza. Goti lilikataa.

Ndivyo Mama Achol alivyonikuta, alipoleta sahani niliyomwazima: miguu miwili ya mwanamke imelala nje ya meza, kimya. Akaangusha sahani. "Yesu! Na huyu tena!"

Alilia kwa sauti hadi watu wawili wakasimama barabarani. Nikapiga kelele huku chini kwamba niko hai, natafuta net. Akanivuta kwa vifundo vya miguu kama gunia la mtama, akanikalisha, akanipiga bega kwa hasira, kisha akaketi kando yangu na kukataa kuondoka. Sahani ilivunjika, lakini ilikuwa ya dada yako Keji, haina neno.

Poni, ambaye muda wote huo alikuwa sikioni akiuliza "Mama? Mama?", akaniambia sasa nifungue kile kidirisha cheusi. Unakipenda wewe kile. Ulikuwa ukikiandikia huku ukisoma kwa sauti kama unaongoza misa. Akanitajia maneno ya kuanzisha upya mtandao, nikayachapa kwa kidole kimoja. Kikaniomba neno la siri.

Neno lako la siri, mume wangu, halijawahi kuwa siri. Ulilitaja herufi moja moja kila ulipoliandika, madirisha yakiwa wazi. Mimi nilikuwa bado najaribu kukumbuka, Mama Achol akasema kutoka kwenye kochi, bila kuinua uso: "Samakimkavu. Yote pamoja."

Anauza samaki wakavu sokoni, kwa hiyo alilichukua kama heshima kwake. Sikumwondolea.

Nikaandika. Hakuna kilichotokea. Naandika s, hakuna s. Naandika a, hakuna a. Nikamwambia Poni kibodi imekufa. Nikaigeuza juu chini na kuitikisa, ikamwaga karanga, ufuta, ganda la muhogo, na kifungo cheupe cha shati lako la buluu. Kile ulichonishtaki nacho mbele ya Keji kwamba mimi nimekipoteza kwa kufua vibaya. Kimo mkononi mwangu hivi sasa. Kesi hiyo naifungua tena siku tutakapokutana.

"Mama," Poni akasema, na nilijua anacheka kwa sababu alikuwa akisema taratibu mno, "hapo neno la siri halionekani. Ni kawaida. Wewe andika tu, halafu bonyeza."

Nani atajua hivyo? Mashine inakuomba jibu, unajibu, inakaa kimya na uso mkavu. Nikasema hii kweli ilikuwa ya Baba Poni.

Ilikubali, lakini net haikuja, hata namba za majaribio alizonitajia Poni hazikujibiwa. Basi Poni akaniambia nichapishe anwani ya kompyuta, kisha nitazame anwani ya simu yangu, nimsomee zote mbili. Nikazisoma kama namba za kitanda wodini. Zilianza sawasawa, halafu zikaachana: yako ilikuwa na moja mahali ambapo ya simu ilikuwa na mia moja. Poni akanirudishia namba zote mbili, moja moja.

"Mama, Baba aliiwekea anwani kwa mkono."

Nikacheka hata Mama Achol akageuka. Nilikukumbuka palepale, umesimama na bisibisi mdomoni siku ulipofunga ile ruta ya kwanza. Poni alikuwa amekuambia kwamba ruta yenyewe humgawia kila mtu anwani. Ukakataa. "Kompyuta yangu haiwezi kuomba anwani kila asubuhi kama mutu hana kwao." Ukaipa ya kudumu, kwa mtaa wa ruta ile. Sasa ruta ile imeungua, mpya imekuja na mtaa wake mwingine, simu zote zimeomba anwani mpya na kupewa, na kompyuta yako, ambayo uliikataza kuomba, imekaa palepale inabisha hodi kwenye mlango ulioungua.

Nikamweleza Mama Achol: "Ni kama tumehama, na yeye bado anawaambia watu anakaa kule zamani."

Mama Achol akafuta vumbi la meza kwa kiganja. "Mimi pia nilifanya hivyo," akasema. "Mwaka mzima. Mutu akiuliza unakaa wapi, nasema Yei, kule Sudan."

Kisha Poni akaanza kunielekeza pa kubadilisha, na umeme ukakatika.

Ulirudi Alhamisi adhuhuri, na Wani akaingia nao mlango mmoja. Koti la kahawia, jasho hadi shingoni, flash imening'inia kifuani kama msalaba wa askofu. Akaniamkia, akakohoa, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chako. Kiti kikalia. Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Wani," nikasema, "mgeni hali kazi kabla ya kula chakula."

Sijui hata nilichosema kilikuwa na maana gani, lakini kilifanya kazi. Nilikuwa na enya, ugali wetu wa muhogo, na osubi, yale majani ya kunde, iliyopikwa kwa simsim, na paja la kuku nililolitenga kwa shughuli hiyo. Nikamtandikia nje kwenye veranda, upande wenye upepo. Ninyi watu wa kwenu mnakula taratibu kama mnaosoma, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ajili ya jambo hilo.

Nikaingia ndani, nikakaa. Poni hakushika simu, alikuwa kwenye mkutano. Kwa hiyo ilikuwa mimi na yeye, mke mwenza, ana kwa ana. Nilikumbuka alikofikia Poni: mipangilio, mtandao, kile kigurudumu chenye meno. Nikakibonyeza. Ikafunguka karatasi yenye anwani yako ya zamani, imeandikwa wazi, na juu yake palikuwa na sehemu ya kuchagua: kwa mkono, au yenyewe. Nikachagua yenyewe. Ikaniomba samaki mkavu, nikaipa. Nikazima mtandao, nikauwasha.

Halafu nikafungua kidirisha cheusi na kuandika ping, ndiyo hodi ya kompyuta, na zile namba za majaribio alizonifundisha Poni, ambazo jana zilijibiwa kwa ukimya. Baba Poni, zikajibu! Mstari ukashuka, na mwingine, na mwingine, kama mapigo ya moyo wa mtoto unapompata hatimaye kwenye tumbo la mama aliyekuwa na hofu. Nikapiga kigelegele. Wani akaja mbio na tonge la enya mkononi.

"Iko?"

"Iko!"

Nikafungua ukurasa kumwonyesha. Duara likazunguka. Likazunguka tena. Halafu maandishi: haiwezi kuupata ukurasa huo.

Wani akameza tonge lake. "Nilisema, shemeji." Akaanza kufungua uzi wa flash shingoni.

"Subiri."

"Shemeji, kesho ndiyo darasa."

"Nimesema subiri, Wani. Namwangalia mgonjwa."

Nikajishika kichwa. Inafika, lakini haipati. Ukiipa namba inajibu. Ukiipa jina inapotea. Nilishaona hilo: mgeni anakuja wodini, ukimwambia kitanda cha tisa dirishani anafika bila shida, ukimwambia nenda kwa Mama Candiru anasimama mlangoni anatazama huku na huku, kwa sababu hakuna aliyemwambia Mama Candiru ni kitanda gani. Kompyuta hii haijui majina. Basi kuna mahali inapouliza majina, na anayeulizwa hayupo.

Nikarudi kwenye ile karatasi. Chini ya anwani palikuwa na mstari mwingine ambao sikuwa nimeujali, umeandikwa DNS, na ndani yake namba. Ilikuwa ile ya ruta iliyoungua. Uliiweka kwa mkono vilevile! Swichi yake ya "yenyewe" ilikuwa imezimwa, peke yake, mbali na ile ya juu. Kila jina kompyuta ililotaka kujua ilikwenda kumuuliza marehemu.

Nikawasha swichi. Samaki mkavu. Nikazima mtandao, nikauwasha.

Ukurasa ukafunguka. Na haukuwa ule nilioutafuta mimi. Ulikuwa ule uliouacha wewe siku ya mwisho, umesubiri humo muda wote huu. Kichwa cha habari kwa herufi kubwa: mazoezi ya kupunguza kitambi nyumbani.

Wewe! Wewe uliyeniambia kitambi ni heshima ya mume! Nilicheka hadi nikashika meza, na palipokuwa na picha ya mwanamume amelala chali anainua miguu, nikakuona wewe ukijaribu kwa siri huku mimi niko kanisani, na kicheko kikageuka katikati, unajua kinavyogeuka.

Nilipoinua uso, Wani alikuwa amekaa kwenye kochi. Hakukohoa. Mkono wake wa enya alikuwa ameuinua mbali na koti ili asilichafue.

"Shemeji, mimi nilitaka tu iwe mupya," akasema. "Kila mara nikiiwasha inaandika jina ya kaka. Kama iko hapa. Kama imeenda choo tu, inarudi."

Mimi niliyekuwa tayari kumfukuza na flash yake, nikamletea maji ya kunawa. Tukakaa. Nikamwonyesha ukurasa wa kitambi, akaguna, akasema alijua, kwamba kwenye harusi ya mwisho ulimuuliza kama suruali yako imepungua au wewe ndiye umeongezeka. Alipoondoka aliniomba nimwandikie jinsi nilivyofanya. Sikumwandikia. Nilimwambia akae kwenye kiti, nikamwonyesha, mara mbili, hadi akafanya mwenyewe. Flash akaiweka mfukoni.

Sasa Ijumaa. Nilivaa gauni langu la gomesi, lile la kijani. Mama Achol alifunga mbuzi mbali, akasimama mlangoni kama askari, ili yeyote wa pole arudishwe. Saa ilipofika wanafunzi wakatokea kwenye kioo, darasa zima, nyuso ndogondogo zimebanana, na nyuma yao dirisha, na nje ya dirisha udongo mwekundu wa Koboko. Nilisahau salamu niliyoiandaa. Nikasema tu, "Haya, nani amewahi kumwona mama akitokwa damu nyingi baada ya kuzaa?" Mikono ikainuka, na nikajua niko nyumbani.

Nikafungua slaidi ya kwanza. Kompyuta ikapiga makofi.

Siyo mimi, siyo wanafunzi. Kompyuta. Ukumbi mzima wa watu wakishangilia ndani ya spika zako mbili. Nikafungua ya pili: makofi. Uliweka makofi kwenye kila slaidi, Baba Poni, na hukuniambia! Slaidi ya dalili za hatari: makofi. Slaidi ya kondo la nyuma lililobaki ndani: makofi na filimbi. Mkuu wa chuo alijifunika mdomo kwa daftari. Mama Achol mlangoni, ambaye hakuona kioo na alisikia watu wengi wakinishangilia, akaanza kupiga makofi naye.

Nilitafuta pa kuyazima, sikupaona. Mwishowe nikawaambia ukweli: "Slaidi hizi alinitengenezea mume wangu. Alifikiri kila ninachosema kinastahili." Wakacheka, nami nikacheka. Tukaendelea na somo na makofi yake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza mama akikataa kupelekwa hospitali unafanyaje, na nilimjibu kwa muda mrefu, bila slaidi, kwa yale niliyoyaona vijijini Dadamu na Ayivu kwa mikono hii. Nilipomaliza walikuwa bado wanaandika.

Kazi nimepewa. Wanataka pia nije mwenyewe, goti likiruhusu, niwaonyeshe kwa mikono jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, maana hilo halipiti kwenye waya.

Basi nakuaga hapa, mume wangu. Nakuahidi hivi: nitakuja Koboko. Sitakuja kulia, ingawa sikuhakikishii. Nitakuja na mkoba wangu wa kazi na aproni iliyopigwa pasi. Kutoka stendi nitapita kwako kwanza, kabla ya Keji, kabla ya Wani, kabla ya chai ya mtu yeyote, na Keji akinuna na anune. Nitakaa kwako kidogo, nikupe habari za wanafunzi. Halafu nitanyanyuka nikafundishe, maana watakuwa wananisubiri.

Lala salama, Baba Poni.

Mkeo,
Driciru